Mizani na Diski Nzito

"Mimi nikifa, msiseme malaria, msiseme presha," Mama Kadi alisema. "Semeni kompyuta. Semeni marehemu alikufa akisubiri iwake."

"Nani kakataa kununua hiyo diski?" mumewe akajibu. "Nimesema naenda. Tangu juzi nasema naenda."

"Unaenda wapi na hapo umekaa? Nimeibonyeza hii tangu asubuhi. Nimefagia, nimefua, nimemenya viazi, nimegombana na jirani mpaka tumepatana, narudi nakuta bado inazungusha hako kaduara. Mtoto akizaliwa leo ataota meno, ataenda shule, atajifunza kusoma, ndipo aje anisomee hapa imeandika nini."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe. Nilikuja kuomba sukari. Kuingia naona aibu, kurudi bila sukari na chai inapoa, basi nikabaki hapo hapo nikijifanya natazama bawaba ya mlango.

"Na wewe shemeji," akanigeukia, "wewe ndiye utakayempeleka dukani leo. Akirudi mikono mitupu, msiniletee maiti yangu humu ndani, nipelekeni moja kwa moja makaburini."

Sukari nilipewa, lakini kwa masharti hayo.

Sasa huyu mumewe sisi sote tunamwita Mizani, hata watoto wa mtaani, na ukimwita kwa jina lake la kuzaliwa anageuka kutafuta anayeitwa. Tulifanya kazi pamoja kwenye ghala la nafaka, yeye mpimaji, mimi mshona magunia, ndiyo maana ananiita Sindano. Mizani ya chuma ilikuwepo pale, kubwa, ya kusimama, lakini ilikuwa inakuja kuthibitisha tu. Mwenyewe alikuwa analishika gunia kwenye sikio lake, ile pembe ya juu, ananyanyua kidogo, anaachia. "Pungufu," anasema. Au, "Limezidi, mpunguzieni." Mwenye mzigo anabisha, gunia linapandishwa kwenye chuma, chuma kinasema yale yale.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa mawe. Wapo watu walikuwa wanaficha jiwe katikati ya maharage ili gunia litimize uzito. Mizani analiinamisha gunia upande huu, analiinamisha upande huu, anatulia kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari kwa mbali. Halafu anasema neno moja tu, "Fungua," na mimi nakata uzi niliotoka kuushona. Jiwe linatoka. Nilimuuliza anajuaje. Akaniambia, "Maharage yanatembea. Jiwe linakaa pale lilipowekwa." Kwa kazi hiyo watu walimpenda na watu walimchukia, inategemea ulikuwa unanunua au unauza.

Baadaye ikaja mizani ya umeme, ya tarakimu nyekundu, naye akaagwa kwa soda. Ghala aliliacha, mkono akarudi nao nyumbani, na hapo ndipo mateso ya Mama Kadi yalipoanza. Mkate unapimwa. Sabuni inapimwa ikiwa mpya na inapimwa ikibaki nusu, tujue nani anaogea kwa fujo. Shemeji yake alipojifungua, watu wote wakasema mtoto mzuri, anafanana na baba yake. Mizani akampakata, akamnyanyua mara mbili, akasema, "Hospitali ile nyie mmepunjwa kidogo." Hakualikwa kwenye shughuli.

Na kila kitu cha nyumba ile kimenunuliwa kwa uzito. Pasi, redio, kufuli, hata miwani yake mwenyewe, ambayo imemchimba pua. Kwake yeye kitu chepesi ni utapeli. Na tusimwonee, ile pasi bado inafanya kazi mpaka leo, ingawa Mama Kadi anainyanyua kwa mikono miwili.

Kompyuta ilikuwa ya mama huyu, kwa ajili ya kadi. Anatengeneza kadi za harusi pale pale sebuleni, anachora maua, anaweka picha za maharusi, anachapisha, anabandika bahasha kwa mkono wake. Na mwezi ule alikuwa amepata kazi ambayo alikuwa haamini. Mama mmoja mwenye uwezo, anayejua watu wengi kuliko sisi tunavyojua majirani, alikuwa anaozesha binti. Kadi zikimfurahisha, wageni wote wale wanazishika mikononi, na kila mgeni ana mtoto wa kuozesha. Zikichelewa, ataenda duka la vifaa vya ofisi pale kona, ambako mashine zinatema kadi kama karanga, na Mama Kadi asahau. Picha zilikuwa tayari, maneno tayari, maua tayari, vyote vimo ndani ya kompyuta. Kilichobaki ni kompyuta yenyewe ikubali.

Fundi wa kompyuta, tunayemwita Bisibisi kwa sababu haimtoki sikioni kama kalamu ya seremala, alikuwa ameshakuja kuifungua. Akatuonyesha tatizo. "Diski ya ndani ni ya zamani," akasema. "Ina sahani inayozunguka na kijisindano kinachotafuta mambo juu yake. Imechoka, ndiyo maana inakoroma. Wekeni SSD. Ile haina kinachozunguka, kila kitu kinachukuliwa papo hapo." Akaeleza na namna ya kuchagua. Tuangalie jina la kampuni inayojulikana, tuangalie garantii, tusihangaike na kubwa mno maana kazi za kadi hazijazi hata robo. "Na mkiona inadai nafasi ya ajabu kwa bei ya mteremko," akamalizia, "ikimbieni."

Mizani alisikiliza yote akitikisa kichwa. Njiani kwenda dukani akaniambia, "Umeona lakini, Sindano? Hakutaja uzito."

"Labda hauhusiki."

"Kitu cha kuweka vitu, uzito usihusike?" Akanitazama kwa huruma.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba kama korido, feni inazungusha joto ukutani, chaja zimening'inia kama samaki waliokaushwa. Kulikuwa na mama mmoja anajaribu chaja ya simu na muuzaji mwenye kijiti mdomoni. Tukasema tunataka SSD. Muuzaji akafungua kabati la kioo, akatoa kiboksi chenye jina ambalo hata mimi nimeliona kwenye matangazo, akakifungua, akamwekea Mizani kiganjani.

Mizani akatazama kiganja. Akamtazama muuzaji. Akatazama kiganja tena.

"Mbona hujaniwekea?"

"Hiyo hapo, mzee. Mkononi mwako."

"Hili ganda. Nipe yenye vitu vyake ndani."

"Ndiyo hiyo na vitu vyake."

Mizani akainyanyua, akaishusha. Akaiweka kwenye ncha za vidole kama mtu anayeshika biskuti ya mgonjwa. "Ndugu yangu," akasema taratibu, "mke wangu ana harusi za mji mzima. Ndoa za watu zikae humu? Upepo ukivuma?"

Muuzaji akauhamisha kijiti upande wa pili wa mdomo. Watu wa biashara wanajua kusoma mteja, na Mizani ameandikwa kwa herufi kubwa. Akainama chini ya meza, akaibuka na kiboksi kingine, cheusi, kina maandishi ya dhahabu ya kampuni ambayo sijaiona kabla wala baada. "Basi chukua hii. Inabeba mara nane ya hiyo. Na bei ni ndogo zaidi, kwa sababu tunaitangaza."

Mizani akaipokea, na mkono ukashuka kidogo. Uso wote ukafunguka.

"Sasa hiki ndicho kitu," akasema kwa sauti, na yule mama wa chaja akageuka kutazama kitu ni kipi. "Umeona? Hiki kina tumbo."

"Fundi alisema tukiona nafasi ya ajabu kwa bei ya..." nikaanza.

"Sindano. Wewe ulikuwa unashona magunia. Mimi nilikuwa napima."

Nikamwachia upimaji wake. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye mkono wake, kwa mazoea tu. Akaiinamisha ile diski upande huu. Akaiinamisha upande huu. Paji la uso likajikunja. Nikaona kidole gumba kinatambaa pembeni, kikafika kwenye kona moja, kikatulia pale. Akainamisha tena. Ile sura ya kusikiliza redio ya mbali ikamjia, nayo nilikuwa sijaiona tangu ghalani, na mimi nikawa nalingoja lile neno lake kama zamani, mkono wangu unatafuta kisu ambacho sina.

Yule mama wa chaja akasema, "Kweli mzee, kitu kizito kinadumu."

Mizani akakohoa. "Nifungie," akamwambia muuzaji.

Nyumbani Bisibisi aliipokea, na yeye mkono ukamshuka. "Mbona nzito?"

"Ndiyo uzuri wake," Mizani akasema, akaenda kusimama dirishani.

"Mzee, hii kampuni siijui. Ngoja niijaribu kwanza. Nitaijaza yote, niisome, nione kama hiyo nafasi inayodai inayo kweli. Nikiiacha usiku kucha, kesho tutajua."

"Kesho?" Mama Kadi akaruka. "Fundi, mimi hapa nimesubiri mpaka nimeota kutu kama geti la shule. Weka. Ikikataa tutajua imekataa."

"Mama, ni usiku mmoja tu."

"Weka, baba. Weka."

Bisibisi akanitazama, nikatazama bawaba. Akahamishia kila kitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya, akafunga, akabonyeza. Kompyuta ikawaka kabla Mama Kadi hajavuta kiti. Aliizima akaiwasha tena, akaizima akaiwasha, anacheka peke yake, akaita majirani waje waone. Alimsifu mumewe mbele ya watu, jambo ambalo sisi wakongwe wa mtaa hatukuwa na kumbukumbu nalo. Cha ajabu, Mizani hakuvimba. Alisema asante, akaenda kuangalia kuku, na kuku hawafugi.

Bisibisi akiwa anakusanya vifaa vyake akaacha ile diski ya zamani mezani. "Hii msiifute, mama. Iwekeni mahali."

"Mahali wapi? Jitu limenitesa hivi nilitandikie kitanda? Mizani, katupe hii. Nisiione."

Mizani akaichukua. Ile ya zamani ni ya chuma kweli, nzito kama tofali dogo. Akainyanyua mara mbili na uso ukamlainika. "Kitu chenye uzito huu hakitupwi," akanong'ona.

"Nimesema nisiione."

"Hutaiona." Akatoka nayo chumba cha pili.

Zikapita siku za raha. Mama Kadi alifanya kazi huku anaimba, akaingiza picha za harusi nyingine, za mahafali, akaingiza na za ukoo wake wote maana nafasi ilikuwa ya kumwaga. Hata bahasha za harusi ile kubwa alikuwa ameshazibandika, amemkabidhi mumewe azipange vizuri zisijikunje. Ilibaki mwenye shughuli aje aone kadi kwa mara ya mwisho, aseme chapisha.

Akaja, mkoba mkononi na manukato yametangulia. Akapewa kile kiti kizuri. Na mimi nilikuwepo, maana nilisikia kuna soda.

"Karibu dada," Mama Kadi akasema, "sasa hivi tu, wala haisumbui siku hizi." Akafungua kadi.

Bibi harusi akatokea, mzuri, anatabasamu. Bwana harusi akatokea mpaka kiunoni. Kuanzia kiunoni kwenda chini kulikuwa na rangi ya kijivu kama sementi mbichi. Na pale pa majina kulikuwa na vijisanduku vitupu vimejipanga.

Mama wa bibi harusi akasogeza uso karibu na kioo.

"Dada," akasema kwa upole wa kutisha, "miguu ya mkwe wangu iko wapi?"

Mama Kadi akafunga, akafungua tena. Safari hii akapotea na bibi harusi. Akajaribu nakala nyingine, ikasema haifunguki. Akafungua kadi za watu wengine, za mwaka jana, za mwaka juzi, zote sementi. Nilikimbia kumwita Bisibisi bila kutumwa.

Alipofika hakuuliza mengi. Akaitoa ile diski, akaiunganisha na kompyuta yake ndogo, akatikisa kichwa. "Inadanganya," akasema. "Inasema ina nafasi kubwa, kumbe ndani ni kidogo sana. Ilipojaa ikaanza kuandika vipya juu ya vya zamani." Akachomoa bisibisi sikioni, akafungua skrubu, akainua ganda.

Ndani mlikuwa na kadi ndogo ya kumbukumbu kama hizi za simu, imelala peke yake kama mgeni kwenye hoteli. Na kwenye kona moja, imegandishwa kwa gundi, nati ya gari. Nati nzima, bado ina grisi.

Nilimtazama Mizani. Alikuwa anatazama dole gumba lake.

"Ile diski ya zamani iko wapi?" Bisibisi akauliza. "Ile ina kila kitu."

Mama Kadi akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nilimwambia akatupe," akasema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza chumvi yoyote. "Mimi mwenyewe. Nilimwambia nisiione."

Mama wa bibi harusi akasimama, akatundika mkoba begani. "Basi usijisumbue, dada. Nitapitia pale kona."

"Kaa kidogo, mama," Mizani akasema.

Akaingia chumba cha pili. Tukasikia anasogeza kitu. Akarudi na rundo la bahasha za harusi limepangwa vizuri mikononi, zimenyooka kama zimepigwa pasi, na juu yake, imekaa kama mfalme, ile diski ya zamani.

"Zilikuwa zinajikunja," akasema bila kumtazama mtu. "Zilitaka uzito."

Bisibisi akainyakua kabla mtu hajapumua, akaifunga mahali pake pa zamani. Kompyuta ikakoroma. Kaduara kakaanza kuzunguka.

Jamani, ungemwona Mama Kadi. Mwanamke aliyeitukana mashine ile kuanzia injini mpaka waya wa umeme, sasa amepiga magoti mbele yake, mkono juu ya sanduku kama anampapasa mtoto mwenye homa. "Taratibu, mama," anaiambia. "Usijichoshe. Hatuna haraka." Mama wa bibi harusi amekaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani. Nilikunywa soda yangu nikamaliza, nikanywa na ya Bisibisi, kaduara bado kanazunguka, na hakuna aliyelalamika.

Mwisho kadi ikafunguka. Bibi harusi, bwana harusi, kiuno, magoti, viatu. Majina yote mawili na herufi zake.

"Sasa huyo ndiye mkwe wangu," mama wa bibi harusi akasema. "Chapisha."

Ilichapisha jioni yote, inakoroma na kupumzika, inakoroma na kupumzika. Bisibisi akasema SSD ya kweli ataileta yeye mwenyewe, nyepesi, yenye garantii, na hakuna mtu wa nyumba hii atakayeigusa kabla haijawa ndani. Mwenye shughuli akaondoka na boksi lake, akaacha na namba ya dada yake anayeozesha mwezi ujao.

Bisibisi naye akaaga, tukabaki watatu. Mezani ilibaki ile nati.

Mama Kadi akaichukua, akaifuta grisi kwa kitambaa, akaiweka katikati ya kiganja cha mumewe.

"Kwa ile ya zamani, ahsante," akasema. "Nimesema mara moja, shemeji shahidi, sirudii. Na kwa kumharakisha fundi, kosa langu, hilo nalo sirudii." Akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Lakini shemeji, wewe ulikuwepo dukani. Hebu niambie. Huyu aliishika hii diski?"

"Aliishika."

"Aliiinamisha? Vile anavyofanya, upande huu na upande huu?"

"Shemeji," nikasema, "mimi nilikuwa nashona magunia tu."

Akanipa jicho la kunikumbusha sukari, akamgeukia mwenyewe.

"Basi nijibu wewe. Umekamata mawe ya watu miaka yote. Gunia limefungwa, limeshonwa, limerundikwa chini ya mengine, unasema jiwe liko hapa, na liko hapo. Watu wamelala rumande kwa mkono wako. Sasa hii nati, yote imekaa kona moja, iko kwenye kitu cha kutosha kiganjani. Kweli hukuisikia? Au uliisikia, ukaona haya mbele ya mwenye duka?"

Mizani akatazama kiganja. Akakiinamisha upande huu, nati ikabaki. Akakiinamisha upande huu. Halafu akaitia kwenye mfuko wa shati, akachukua kofia yake msumarini, akanipita pale mlangoni bila kunisukuma, akaenda zake barabarani, shati limemvutika upande mmoja.